Aibu Ndiyo Ngeni, Nembo ni Yetu

Tangazo lilikuja baada ya sadaka, watu walipoanza kukusanya watoto na mikeka. Mzee wa kanisa alisimama akasema kwamba kuanzia wiki ile mwenye tatuu hataimba tena na kwaya. Hakufoka. Alisema kwa upole, kama anayekumbusha zamu ya kufagia, na waumini wakaitikia "Amina." Kanisa lenyewe silitaji. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, makanisa ni mengi, na tangazo kama lile lingeweza kutoka katika lolote kati yake.

Katika kwaya ile yumo dada mmoja anayeimba sauti ya pili. Kwenye mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, limeandikwa jina la kaka yake kwa herufi za kawaida, bila ua wala moyo. Kaka huyo alipotea barabarani kusini mwa Uvira, huko Kongo, mwaka ambao familia yao ilikimbia. Hawakumwona tena wala hawakumzika, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Tangazo lilipotoka, dada alishusha mkono wa sweta ingawa joto lilikuwa kali, akateremka jukwaani kabla ya wimbo wa kufunga.

Maneno ya mzee yule nimeyasikia tangu utoto. Tatuu ni ya wahuni. Tatuu ni ya Wazungu, imeingia kwa video na mpira. Sisi Waafrika hatukuwa na mambo hayo, na Biblia inayakataza. Nimeyasikia kwa wazazi na walimu, nimeyasikia ndani ya minibasi ya kwenda Lilongwe, nimeyasikia hata kwa vijana wa rika langu. Karibu kila mtu ninayemheshimu kambini anayaamini. Mimi nayapinga, na naanza na lile la kwamba sisi hatukuwa nayo, kwa sababu hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mtabwa wa upande wa Moba, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Alizaliwa enzi za Wabelgiji, na alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwisho wa kijiji chao kuchanjwa. Usoni alikuwa na mistari ya vinundu vidogo, na mgongoni mistari mingine iliyoshuka pande mbili za uti wa mgongo. Nikiwa mdogo nilikuwa napitisha kidole juu ya vinundu vile navihesabu, naye alikuwa ananiacha mpaka nipoteze hesabu. Kazi ile kwa Kitabwa iliitwa kulemba. Nilipofika Malawi nikaanza kujifunza Kichewa, nililikuta neno lilelile kwenye mlango wa shule: Wachewa wakisema kulemba wana maana ya kuandika. Mtoto analemba daftarini. Bibi yangu alilembwa mgongoni. Mmarekani Allen F. Roberts, aliyeishi na Watabwa katikati ya miaka ya 1970, ameandika kwa kirefu juu ya chale zao, na pia juu ya balamwezi, zile pembetatu zilizopangwa safu kama mwezi mpya unaochomoza, ambazo mafundi wa Kitabwa walizitia kwenye vitu walivyochonga na walivyosuka.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Leo ukitamka neno nembo, msikilizaji anafikiria ngao ya taifa juu ya barua ya serikali, au ile mikono miwili ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inayomfunika mtu, iliyochapwa kwenye turubai za hapa kambini. Katika Kiswahili cha zamani nembo ilikuwa alama iliyochanjwa mwilini, ambayo kwayo mtu alijulikana kabila lake na watu wake. Serikali na mashirika yaliazima neno hilo kutoka kwenye mashavu ya babu zetu. Tena lugha ina chale, na ina tojo. Watu wasiokuwa na jambo hawalitungii maneno matatu.

David Livingstone alipopita kando ya mto Ruvuma mwaka 1866 aliwatambua Wamakua kwa alama ya mwezi mwandamo kwenye paji la uso, pembe zake zikielekea chini. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906, alichora na kupiga picha miili ya Wamakonde, Wayao na Wamakua waliojaa nembo. Wamakonde hawakuweza hata kuchonga kinyago cha mapiko bila kukiwekea nembo za usoni, mara nyingi kwa nta ya nyuki, kwa sababu uso usio na nembo haukuwa uso wa mtu mzima. Wayao wapo mpaka leo kando ya Ziwa Malawi, na Wachewa wenyewe wana neno mphini kwa chale zao. Sijatoka nje ya mwendo wa siku chache kutoka hapa nilipokaa, na tayari nimepita katikati ya mataifa matano.

Basi aibu ilitoka wapi? Kwetu inajulikana ilipoingilia. Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo chake Mpala, kwenye ufuko uleule wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimvamia chifu Lusinga wa Watabwa, wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu la Lusinga na sanamu ya mababu zake vilisafirishwa mpaka Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, na huko ndiko watoto wa Watabwa walikoanza kufundishwa kwamba mwili wenye chale ni mwili wa mshenzi. Sanamu za Kitabwa zilizofika Ulaya zimechongwa pamoja na chale zake, na watu wanasifu ufundi wake nyuma ya vioo vya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Chale zilezile kwenye mgongo wa bibi yangu zikawa za kufunikwa kwa kitenge. Mama yangu alizaliwa akakuta aibu imeshakaa ndani ya nyumba, akadhani ni ya ukoo.

Sisemi kwamba wamisionari walikuja na mabaya matupu. Shule niliyosoma ilikuwa yao. Nasema tu kwamba mzee wa kanisa anaposimama mbele yetu kutetea utamaduni wa Mwafrika dhidi ya tatuu, anatetea agizo lililoshuka Mpala miaka mia moja na arobaini iliyopita, na hajui kwamba analitetea.

Yapo majibu ya kweli hapa, na sitaki kuyakwepa. Rafiki yangu mwalimu, akiitazama tatuu yangu mkononi, aliniambia: "Chale za bibi yako alipewa na kijiji. Zilikuwa na maana kwa wote. Wewe umekwenda peke yako kwa kinyozi ukalipa hela." Ni kweli. Alama ya bibi ilisomwa na kila aliyekutana naye kisimani, na ya kwangu haisomwi na wengi. Lakini kijiji chenyewe kiko wapi? Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, na leo tumezidi 50,000: Wakongo wa kutoka kila kona ya mashariki, Warundi, Wanyarwanda, na wengine. Hakuna shangazi wa ukoo mwenye wembe wake. Yule dada wa kwaya hakuwa na wa kumfanyia kilio, akajifanyia mwenyewe. Halafu kuna jambo ambalo bibi alinieleza mara moja tu, nami silisahau. Siku ya kuchanjwa alishikwa na wanawake wawili, mmoja miguuni na mmoja mabegani, akalia mpaka sauti ikakauka. Hakuulizwa. Sitamani kuurudisha wembe ule. Mtu mzima anayekaa kwenye kiti kwa hiari yake na kuchagua neno atakaloishi nalo amefanya jambo ambalo bibi yangu hakupata nafasi ya kulifanya.

Na huo Uzungu wa tatuu nao hauna mizizi mirefu. Neno lenyewe lilitoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako watu waliliita tatau, na mabaharia wa James Cook walilibeba baada ya kufika Tahiti mwaka 1769. Mashine ya umeme ndiyo ya Marekani, lakini hata hiyo ilianza kama kalamu. Mwaka 1876 Thomas Edison alisajili kalamu ya umeme ya ofisini: sindano iliyopanda na kushuka kwa kasi, ikitoboa karatasi ili barua moja itolewe nakala nyingi. Haikudumu sokoni. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alisajili mashine ya kuchora ngozi iliyotokana na kalamu ileile. Nilipolijua hilo nilimkumbuka bibi. Watu wasiowahi kusikia Kitabwa waliitoa kalamu kwenye karatasi wakaipeleka kwenye ngozi, wakakutana na kulemba bila kujua.

Kwamba vijana wengi wanaiga, nakubali. Kwenye vibanda vya video wanamwona Lionel Messi, mwenye uso wa mama yake mgongoni na jina la mwanawe Thiago kwenye shavu la mguu. Wanamwona Tupac Shakur, aliyeuawa kabla wao hawajazaliwa, na yale maneno Thug Life tumboni mwake, naye bado amechorwa kwenye milango ya vinyozi kutoka Bukavu mpaka hapa. Wapo waliochorwa taji au nge bila sababu wanayoweza kuieleza, na baadhi yao watajuta. Suti na tai za wazee wetu pia zilianza kwa kuigwa, zikazoeleka, zikawa zao. Mtoto anayejifunza kuandika naye huanza kwa kufuatisha herufi za mtu mwingine.

Mimi nilichorwa Lumbadzi. Ni mji mdogo kwenye barabara kuu, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, na kwa mtu wa kambini ni mahali pa kubadilishia gari, pa kununua vipuri vya simu na pa kusikia habari za Lilongwe. Nyuma ya duka la kinyozi palikuwa na chumba chenye pazia, kiti cha plastiki, taa ya kubana na meza iliyofunikwa nailoni. Mchoraji alikuwa kijana Mmalawi mwenye maneno machache. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akavaa glavu, akaipasua pakiti ya sindano mbele yangu na kunionyesha tarehe yake. Nilikuwa nimemletea karatasi yenye balamwezi: pembetatu saba kwa safu, niliyoichora mwenyewe kwa rula. Aliigeuza juu chini akauliza, "Ni meno ya mamba, kaka?" Nikamwambia ni mwezi. Akatikisa kichwa, akanyoa vinyweleo vya mkono wangu, akapaka dawa yenye harufu ya hospitali, akaanza.

Mlio ule ni kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Maumivu yenyewe hayakuwa kama ya kudungwa. Yalikuwa ya kukwaruzwa na mwiba mahali palipokwisha kuungua na jua, mstari baada ya mstari, na kila alipoukaribia mfupa wa kifundo cha mkono nilihisi mtetemo kwenye meno. Pembetatu ya kwanza niliistahimili kwa kiburi. Ya pili kwa kuhesabu. Kufika ya tatu pumzi yangu ilikuwa imeshika mwendo wa mashine na mabega yamelegea, nikawaza kwamba huenda hapa ndipo wanawake wale walipomwachia bibi miguu. Katikati ya kazi ndege ilipaa juu ya bati, mlio wake ukaumeza wa mashine, na mchoraji akainua sindano akangoja ipite. Mimi nami niliitazama dari. Huo ndio uwanja ambao watu wetu huondokea wakipata nchi ya tatu ya kuhamia, wamekumbatia kifuani mifuko myeupe ya IOM, shirika la uhamiaji. Ndege ilipokwisha, akarudi kwenye pembetatu ya nne.

Wataalamu wanasema sindano huingia milimita moja au mbili, ikivuka ngozi ya juu inayobadilika kila baada ya wiki chache, na kuuacha wino katika tabaka la chini. Mwili unauona wino kama adui. Unatuma chembe zake za ulinzi, zinaumeza, na kwa kuwa haziwezi kuusaga zinabaki nao palepale. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwenye panya kwamba chembe hizo zikifa, nyingine huja kuuokota wino ulioachwa na kuushika upya. Mchoro haukai kwa sababu ngozi imelala. Unakaa kwa sababu mwili unaurithisha, kizazi hadi kizazi, ndani ya mtu mmoja.

Nilipotoka pale mkono ukiwa umefungwa nailoni, nilipita kwa agogo mmoja, bibi mzee anayeuza nyanya kando ya stendi. Aliponirudishia chenji aliushika mkono wangu akausogeza karibu na macho. "Kodi ndi mphini?" akauliza kwa Kichewa, kama hii ni mphini. Nikamjibu, "Inde, agogo," kwa kuwa sikuwa na jibu lingine la kweli. Akasogeza kitambaa cha kichwa kwa dole gumba. Kwenye kipaji cha uso wake, karibu na sikio, palikuwa na mistari mitatu mifupi iliyokaribia kufutwa na makunyanzi. Hakusema zaidi, akamhudumia mteja aliyefuata.

Nimesema wazazi wengi wananipinga. Hoja yao iliyo nzito hawaitamki kanisani, wanaitamka usiku. Wanaogopa alama kwa sababu wanakumbuka vizuizi vya barabarani. Huko Kivu na Tanganyika wapiganaji wa Mai-Mai walichanjwa chale na kunyunyiziwa maji ya dawa, wakiamini risasi zitageuka maji. Askari wa upande wa pili walilijua hilo. Mwaka 2002, nikiwa na miaka kumi na minne, nilivuliwa shati kwenye kizuizi pamoja na wavulana wote wa msafara wetu. Walitutazama kifua, mabega, viwiko. Mmoja alikuwa na kovu la kuanguka kwenye mwembe, na mama yake alipiga magoti kueleza habari ya mwembe. Mama yangu alikuwa nyuma yangu. Tangu siku ile ngozi safi kwake ni hati ya kuishi, na nilipomwonyesha balamwezi yangu hakuniambia habari ya Mungu wala ya uhuni. Alisema tu, "Wakikuvua shati je?"

Sina jibu jepesi kwa mama. Ninachoweza kumwambia ni kwamba majirani zetu Wanyarwanda walisomwa kwa namna nyingine. Wabelgiji waliwapa vitambulisho vyenye kabila mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1994 vizuizini kilichoangaliwa kwanza ni karatasi ile. Watu walikufa kwa neno moja lililopigwa chapa na karani ambaye hawakumjua. Hakuna ngozi iliyo safi vya kutosha kwa mtu aliyekwisha kuamua kuua. Yeye atasoma kovu la mwembe, atasoma pua, atasoma namna unavyotamka neno. Kumfundisha mwanao asijiandike hakumnyang'anyi muuaji macho.

Na hapa tulipo tunasomwa kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2013 UNHCR ilijaribu mfumo wake mpya wa utambuzi wa miili, na mahali ilipoujaribia ni Dzaleka. Vidole vyote kumi juu ya kioo, mboni za macho mawili mbele ya kamera, picha ya uso. Bila hivyo hupati chakula wala karatasi. Sikusikia mahubiri hata moja kwamba mboni ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tulipanga foleni, tukashukuru, na hatukukosea, kwa kuwa mfumo ule unamzuia mjanja asile mara mbili. Lakini tuelewane: mwili wa mkimbizi umeshaandikwa na kunakiliwa, na nakala zake zipo mahali ambapo mwenyewe hatafika.

Kabla yetu eneo hili lilikuwa kambi ya kuwafungia wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Jina Dzaleka watu hulifasiri kwa Kichewa, kutoka kuleka, kuacha: utaacha, hutarudia. Wakati wafungwa wale wapo ndani, nje kulikuwa na sheria ya mavazi, iliyopitishwa 1973 na kufutwa 1993: mwanamke asivae suruali wala sketi ya juu ya goti, mwanamume asifuge nywele ndefu, na wageni walinyolewa wakiingia nchini. Wamalawi waliokomaa wanaikumbuka. Nayo ilitangazwa kwa jina la maadili ya Kiafrika. Machi 2023 serikali ikatuagiza wakimbizi wote wa mijini turudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya watu Lilongwe, wengine wakiacha maduka yenye bidhaa. Kwa mtu anayeamriwa alale wapi, afanye kazi wapi na apite barabara gani, sentimita kumi za mkono anazoweza kuziamulia yeye si jambo dogo. Ningependa wazee wangu waliopitia hayo yote pamoja nami walione hilo.

Wananiambia pia: utakosa nchi ya tatu. Daktari wa uhamiaji atakuvua, ataona, faili litafungwa. Wana mfano wa kutisha na nitautaja mwenyewe. Machi 2025 Marekani iliwapeleka Wavenezuela zaidi ya 200 kwenye gereza la CECOT nchini El Salvador kama wanachama wa genge, na kwa baadhi yao tatuu zilihesabiwa kuwa ushahidi. Mpambaji mmoja wa wasanii alikuwa na mataji mawili kwenye vifundo vya mikono, pamoja na maneno ya Kiingereza ya mama na baba. Julai waliachiwa wakarudishwa kwao. Je, lililotendeka pale lilikuwa kosa la taji? Hao waliosoma mapenzi ya mtu kwa wazazi wake wakaona genge ndio wasiojua kusoma. Zaidi ya hapo, Januari 20, 2025, amri moja ya rais wa Marekani ilisimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi. Majirani zangu waliokwisha kuuza magodoro na sufuria walibaki, wenye tatuu na wasio nazo. Miaka mingi tumewaambia watoto wajizuie hiki na kile ili ofisi ya mbali iwapende. Ofisi ilifunga mlango bila kumtazama yeyote mkono.

Nirudi kanisani, kwa sababu ndiko nilikoumizwa na ndiko ninakoabudu. Aya inayotajwa ni Mambo ya Walawi 19:28, inayokataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama. Najua mzee atanishika hapohapo: dada yule amejitia alama kwa ajili ya maiti. Nakubali ndivyo alivyofanya. Sisi sote hutia alama kwa ajili ya maiti. Kaburi la Mkristo hapa makaburini lina msalaba wa mbao na jina lililoandikwa kwa rangi, na mzee mwenyewe ndiye huongoza sala ya kuusimika. Dada hana pa kuusimika. Kama anamwabudu kaka yake, au anamwita kama walivyoitwa wafu wa Kanaani, hakuna aliyemuuliza. Kisha tusome sura yote. Katika 19:27 imekatazwa kunyoa pembe za ndevu, na mzee wetu hunyoa. Katika 19:33 na 34 imeamriwa kwamba mgeni anayekaa nchini mwenu msimtese, mhesabuni kama mzaliwa na mpendeni kama nafsi zenu. Sura ileile, aya tano tu mbele. Tungeisoma hiyo kwa sauti kila Jumapili, na madirisha yakiwa wazi. Naye Isaya, 49:16, anamsikia Mungu akiliambia taifa lililo uhamishoni kwamba amelichora katika viganja vyake. Wakristo wa Kikopti wa Misri huchorwa msalaba kwenye kifundo cha mkono tangu utotoni, na umewatambulisha katika nyakati ambazo kutambulishwa kulikuwa hatari. Kwa ndugu zangu Waislamu hali ni nyingine: hadithi za Mtume zimekataza waziwazi, nao wana hina na piko za kupambia bila kutoboa ngozi. Mimi si wa kuwafundisha dini yao, na anayejizuia kwa imani namheshimu. Ninachokataa ni kumteremsha mtu jukwaani.

Limebaki la magonjwa, na hapa wapinzani wangu wana haki kuliko wanavyojua. Kambini kuna mashine za kujitengenezea: mota ya redio kaseti, uzi wa gitaa ulionolewa, ganda la kalamu ya wino, chaja ya simu. Nimeona uzi mmoja ukipita kwa wavulana wanne jioni moja, ukisuuzwa kwa maji ya ndoo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. VVU navyo tunavijua. Ningekuwa na mwana ningemshika mkono nimtoe pale. Lakini kwa nini wanachorana nyuma ya choo kilichobomoka, gizani, haraka? Kwa sababu mchana tumewaita wahuni. Kijana wa Lumbadzi mwenye glavu na pakiti ya tarehe anafanya kazi wazi, nyuma ya kinyozi anayejulikana, na akikosea yupo wa kumlaumu. Wachoraji wa hapa kambini tunawajua kwa majina. Wakiitwa zahanati wakafundishwa kutumia sindano moja kwa mtu mmoja, wakapewa glavu na kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika, watakuja, kwa kuwa wengi wao wanatamani kuitwa mafundi. Na ile habari kwamba aliyechorwa hatoi damu maisha yake yote, ambayo watu huithibitisha kwa kumtaja Cristiano Ronaldo asiye na tatuu, haiko hivyo: huduma za damu humtaka mtu asubiri miezi kadhaa baada ya kuchorwa, kisha akipimwa akaonekana mzima anatoa.

Mwezi wa Tamasha la Tumaini la hapa kambini, lile aliloanzisha msanii Menes La Plume mwaka 2014, wageni huja kutoka Lilongwe na mbali zaidi, na ngoma zetu hupanda jukwaani. Wachezaji hujitia nukta za chokaa usoni na mistari mabegani, palepale ambapo mababu walikuwa na chale. Wazee hupiga makofi, na mzee wetu wa kanisa nimemwona akipiga makofi, macho yakiwa yamelowa. Mwaka mmoja nilimfuata nikamuuliza zile nukta zinamkumbusha nini. Akasema, "Zinanikumbusha mama." Nimeandika haya yote kwa ajili yake zaidi ya mtu mwingine yeyote, na kabla hayajasomwa na wengine nitampelekea nyumbani kwake.

Jumapili iliyopita kwaya ilipanda ikiwa pungufu. Walianza wimbo, sauti ya kwanza ikashika, ya tatu na ya nne zikafuata chini yake. Ubeti wa pili ulipoingia, sauti ya pili ilijaa kutoka benchi la mwisho karibu na mlango, na mzee wa kanisa, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye kitabu chake cha nyimbo, aliuinua akageuka kutazama nyuma.